Hela, ndururu na vijisenti: majibu ya maswali yenu

*Mimi ni Mkenya, nafanya kazi Dodoma. Huku wanasema hela, kwetu tunasema pesa. Tofauti ni nini?*

Kimaana hakuna tofauti. Kinachotofautiana ni ukoo. Pesa ni mtoto wa paisa ya Bara Hindi, sarafu ya shaba iliyofika pwani yetu kwa mkono wa wafanyabiashara. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa pesa zake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Kampuni ya Wajerumani ilipoanza kutoa sarafu mwaka 1890 nayo ilifuata mkondo huohuo: pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 wakaiacha hesabu hiyo, wakaigawa rupia kwa mia, na kila sehemu wakaiita Heller. Waswahili wakatamka hela, na ndiyo maana neno likaota mizizi Tanganyika. Kenya, iliyokuwa chini ya Waingereza, haikuwa na sarafu hiyo.

Kinachonichekesha ni hiki: kwa Wajerumani wenyewe, Heller ni mfano wa kitu duni. Jina lilitokana na mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, na Mjerumani aliyeishiwa husema hana hata Heller moja nyekundu. Kwetu ukisema "yule bwana ana hela", hakuna atakayedhani unamhurumia.

*Bibi akikasirika husema "sikupi hata ndururu". Ndururu ni kitu gani?*

Ni senti 5. Sarafu za kikoloni za Afrika Mashariki za senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati, na pembe za ndovu zimelizunguka tundu hilo; muulize bibi, huenda bado anayo moja mahali. Ile ya senti 10 iliitwa peni. Shilingi yetu ilianza ikiwa sawa kwa thamani na shilingi ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa na peni 12. Ukipiga hesabu, peni halisi ingekuwa senti 8 na kitu. Senti 10 ndiyo iliyokuwa jirani yake, ikarithi jina.

Sikiliza pia jinsi bibi anavyolitumia neno lenyewe. Ndururu siku hizi haipendi kukaa pasipo ukanushi: sina hata ndururu, sitoi hata ndururu, hakuniachia hata ndururu. Senti nayo imeelekea huko. Pesa na hela zilikuwa sarafu ndogo vilevile, lakini zenyewe zilipanda zikawa jina la mali yote. Kwa nini hizi zipande na zile zishuke? Nadhani ni suala la nani alitangulia. Pesa na hela zilikuta kiti cha jina la jumla kikiwa bado kinagombewa. Ndururu ilipofika, kiti kilikuwa na mwenyewe.

*Thumuni ni senti 50, nusu shilingi. Mbona mwalimu wetu alisema maana yake ni moja ya nane?*

Mwalimu yuko sahihi. Thumuni (wengine husema sumuni) ni Kiarabu, sehemu ya nane; ila ni sehemu ya nane ya riale, siyo ya shilingi. Riale ni ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka 1780, iliyotumika sana pwani. Thamani yake ilikaribia shilingi nne za Kiingereza. Igawe kwa nane, utaipata nusu shilingi.

*Kufilisika na fulusi yanafanana. Ni bahati tu?*

Si bahati, ni ndugu wa damu. Fulusi ni wingi wa fals, sarafu ya shaba ya Waarabu, ambayo nayo ilipata jina kutoka follis, sarafu ya Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki. Juu yake ilikuwepo dirhamu ya fedha, na juu kabisa dinari ya dhahabu. Wataalamu wa Kiarabu humweleza muflis kuwa ni mtu aliyekuwa na dirhamu akabakiwa na fulusi. Kwa asili, basi, aliyefilisika hakuwa mikono mitupu. Alikuwa nacho kitu, ila ni shaba.

Kiswahili kilikomba ukoo mzima: fulusi kwa fedha, muflisi kwa mtu, kufilisika kwa yaliyomkuta, na kufilisi kwa kazi ya wadai wake. Ndiyo maana tunaweza kusema "amefilisika, hana fulusi" bila kucheka, ingawa kwa asili ya maneno ni kama kusema mtu aliyebakiwa na shaba hana shaba.

*Daladala nayo ni sarafu?*

Ndiyo. Sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, na miaka ya 1980 ndiyo iliyokuwa nauli ya mabasi madogo Dar es Salaam. Makondakta waliita "dala! dala!". Nauli imepanda, jina limebaki kituoni.

*Visenti na vijisenti, lipi ni sahihi?*

Yote mawili, lakini hayana uzito mmoja. "Nina visenti vyangu benki" ni unyenyekevu. Msemaji hataki kuonekana anajigamba. Ukiongeza -ji-, unapunguza mara ya pili, na hapo dharau hupenya. Watanzania walilijua hilo Aprili 2008, Andrew Chenge, wakati huo Waziri wa Miundombinu, alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja katika akaunti yake ng'ambo, akaziita vijisenti. Alijiuzulu mwezi huohuo, na neno likamganda kama jina la utani.

Kwa hiyo ukiwa unaomba mkopo, sema visenti. Ukisema "nikopeshe vijisenti vyako", usishangae ukirudi bila hata ndururu.