Muulize Shangazi wa Saiti: Nyumba Imekwisha, Fundi Tumpe Nini?

Tangu niandike juu ya kununua nondo bila kupunjwa, barua zinazokuja ni za watu waliokwisha kuezeka, na wengi wanauliza habari ya shukrani. Nimechagua nne. Kwa wageni wa safu hii: nauza vifaa vya ujenzi Buguruni, na marehemu mume wangu alikuwa fundi mwashi. Zawadi za wenye nyumba nimeziona zikitoka dukani, na nimeziona pia zikiingia nyumbani kwangu.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kibaha. Tumejenga kidogo kidogo kwa mkopo na kikoba, na mwezi ujao tunahamia. Fundi wetu mkuu hakutuibia hata mfuko mmoja wa saruji. Nimetenga laki tatu za shukrani. Nimefikiria saa kubwa ya ukutani na shati la kitenge kwa ajili yake, na soda kwa vijana wake. Mume wangu anasema fundi tulishamlipa, zawadi ya nini? — Mwalimu, Kibaha*

Marahaba mwanangu, na hongera ya nyumba. Mumeo usimbeze, anachosema kina ukweli ndani yake. Fundi analipwa, na zawadi haihesabiwi kwenye malipo. Kwa hiyo kabla hujaja dukani, fungua daftari. Lile shimo la choo lililochimbwa zaidi ya makubaliano, mlililipia? Kibaraza cha nyuma mlichokiamua mkiwa mmeshapaua, je? Kazi za nyongeza ndizo zinazosahaulika, maana husemwa kwa mdomo jioni watu wakiwa wamechoka: "Utanigusia na hapa, fundi, tutaelewana." Kama hadi leo hamjaelewana, hiyo laki tatu ina mwenyewe, mpe kama malipo. Mtu anayekudai ukimpa saa ya ukutani, kila akiitazama ataliona deni lake.

Vijana nao. Saidia fundi hawalipwi na wewe, wanalipwa na fundi mkuu, wengi wao kwa siku. Waulize kwa upole, mkuu wao akiwa hayupo, kama wamemalizana. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Likiwa siyo, zungumza na fundi kwanza, zawadi baadaye.

Sasa saa. Nyumbani kwetu saa za ukutani zilikuwa zinagawiwa majirani, kwa kuwa kila mwenye nyumba alikuwa na wazo hilo hilo. Fundi anaamshwa na adhana ya alfajiri na daladala ya kwanza, ya ukutani ataitazamia nini? Shati la kitenge si baya, ila utakisia kipimo, na atalivaa kwenye harusi basi.

Kinachokaa mkononi mwa fundi ni kifaa. Lakini usimuulize yeye anataka kipi, atakwambia "chochote tu mama." Muulize kijana wake: mkuu wako anaazima nini, na kipi amekifunga waya? Utaambiwa papo hapo. Mwashi huenda pima maji yake, ile ya kupimia usawa wa ukuta, imepasuka kioo, au mwiko umeliwa ncha mpaka umekuwa kijiko. Fundi wa vigae anapiga magoti kutwa nzima juu ya zege, na pedi za magoti ni wachache wanaokumbuka kumnunulia. Fundi umeme, koleo yenye mpira mzima mpinini. Fundi rangi mpe ngazi kama mfuko unaruhusu. Brashi na rola zinaisha, hizo ni za kazi.

Ukiamua pima maji, usidanganywe na rangi ya kung'aa. Hapa dukani huwa naiweka juu ya kaunta mbele ya mteja, tunasoma kiputo cha ndani kimesimama wapi. Kisha naigeuza, ncha ya kulia inakwenda kushoto, mahali pale pale. Kiputo kikisimama tena upande ule ule wa chumba, kwa kiasi kile kile, pima maji ni nzima hata kama kaunta yenyewe imeinama. Kikihamia upande wa pili, irudishe rafuni. Ukimpa fundi pima maji ya namna hiyo, ukuta wa mteja anayekufuata utapinda na jina litakaloharibika ni lake. Mwiko nao, mpe ule ambao bapa na shingo ni chuma kimoja, na mpini wake umeshika sawasawa. Mpini ukicheza dukani, saitini utachomoka.

Soda kwa vijana, hapana. Soda ni ya siku ya zege. Siku ya kumwaga jamvi (zege la sakafu) au lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango) watu hawawezi kusimama katikati, zege lililoanza kushika halisubiri mtu ale, kwa hiyo mwenye nyumba mwenye akili huandaa pilau na soda baridi kazi ikiisha. Hiyo ni haki ya siku hiyo, na naamini uliitimiza. Sasa kazi imekwisha kabisa, na vijana wanastahili kitu cha kwenda nacho. Tazama vidole vya kijana anayechanganya udongo wa saruji. Saruji mbichi inachoma ngozi polepole: utaona nyufa kwenye vifundo, kucha zimelika pembeni, ngozi ya viganja imekuwa nyeupe kama imepakwa unga. Jozi ya glavu nzito za mpira na gambuti za saizi yake zitamfaa kesho asubuhi, kwenye saiti nyingine. Uliza namba za miguu mapema. Gambuti inayobana ni mateso.

Kuna watu wawili hukuwataja. Mlinzi aliyelala juu ya mifuko yako ya saruji masika yote, na mama ntilie aliyewakopesha vijana wali maharage pale fedha yako ilipochelewa (ilichelewa, mwalimu, mshahara naujua). Mlinzi mpe mabati na mbao za banda lake, kama ni zako, na nauli ya kuzisafirisha. Mama ntilie mpe mchele na mafuta, au hata sufuria kubwa. Vijana watafurahi kuliko yeye.

Ukigawa laki tatu, mimi ningetoa karibu nusu kwa kifaa cha fundi mkuu, na iliyobaki ikawatosha hao wengine. Wengine watasema bora fedha taslimu. Fedha si vibaya, hasa kukiwa na ada za shule au mgonjwa nyumbani kwake, ila itie kwenye bahasha na umkabidhi mkononi mbele ya mkewe kama unamfahamu. Fedha inayotupwa kwa simu bila neno, fundi hudhani ni salio la kitu fulani.

Halafu mabaki. Vipande vya nondo, vigae vilivyozidi, saruji mifuko miwili mitatu. Weka kando vigae vichache vya akiba yako, maana kimoja kikivunjika mwakani rangi ile hutaipata tena, na vingine mgawie fundi. Saruji mpe mapema, ikikaa miezi inaganda mfukoni hata bila maji. Lakini kwa wale ambao bado wanajenga na wanasoma hapa: msimuahidi fundi mabaki kabla kazi haijaanza. Ukiahidi mapema, mabaki yataongezeka.

Siku ya kukabidhiana, wapikie. Na wale sebuleni, si chini ya mwembe. Nimeona mtu amejenga jumba la vyumba vitano halafu waliojenga wanapewa sahani dirishani kama ombaomba. Bia iache, kuna watakaokuwa hawanywi, na kuna watakaopanda bodaboda jioni. Mchinjaji awe mtu ambaye Waislamu waliopo watakula mkono wake.

*Habari za kazi, Shangazi. Kampuni ya mkandarasi aliyesajiliwa imenijengea nyumba Dodoma. Ni nzuri, ila bomba la choo cha wageni linavuja na milango miwili inakwaruza sakafu. Mkataba unasema nizuie asilimia 5 ya malipo kwa miezi sita. Meneja anasema nikiimalizia sasa hivi, hiyo itakuwa zawadi tosha. Nami nilitaka kumpa mkoba wa ngozi. — Mtumishi, Dodoma*

Njema, mdogo wangu. Meneja ana maneno matamu. Ile asilimia 5 usiiguse. Imezuiwa kwa ajili ya bomba kama hilo: katika kipindi hicho kasoro zinajitokeza, mvua ya kwanza inapiga, mbao za milango zinavimba au kukauka, na mkandarasi anarudi kurekebisha kwa sababu fedha yake iko kwako. Ukiitoa leo kama ukarimu, kesho utapiga simu nayo itaita tu. Andika orodha ya kasoro, mpelekee kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Akimaliza na muda ukiisha, mlipe siku hiyo hiyo bila kuzungushana. Makandarasi wanaofilisika wengi wao wamefanya kazi, fedha ndiyo hawajaipata.

Mkoba wa ngozi mimi nisingeununua. Kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi inaishi kwa ushahidi wa kazi ilizomaliza. Inapoomba zabuni inaulizwa: mmejenga nini, wapi, kwa thamani gani, mteja anasemaje? Kwa hiyo kasoro zikishakwisha, waandikie barua nzito: nyumba iko wapi, ilianza lini, iliisha lini, iligharimu kiasi gani, na waliporudi kurekebisha walirudi kwa haraka gani. Weka sahihi na namba ya simu, na uwe tayari kupokea watakaopiga kuuliza. Waruhusu wapige picha. Barua hiyo itawaletea kazi, na mkoba hauwezi.

Ukitaka bado kumpa mtu kitu, mpe foromani, yule aliyekuwa saitini kila siku na vumbi kichwani. Mpe waziwazi, bosi wake akijua. Na msanifu wa jengo au mkadiriaji wa gharama anayekusainia vyeti vya malipo, usimpe chochote hadi cheti cha mwisho kiwe kimesainiwa. Hata kama nia yako ni safi, utamtia doa.

*Shangazi, kuna ofisa wa manispaa alinisaidia kibali cha ujenzi kikatoka bila kuzungushwa. Na vijana wa umeme walioniunganishia nguzo. Nao niwape chochote kitu? — Wa Kigamboni*

Usiwape. Hao ni watumishi wanaolipwa kukuhudumia, na "chochote kitu" kwao kina sheria yake, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Ukisema kazi imeshaisha, nani atajua ulimuahidi lini? Andika barua kwa mkuu wake, umtaje kwa jina na kazi aliyoifanya. Barua ya sifa kwenye faili la mtumishi ina uzito. Na kama kuna aliyekudai hiyo "asante" mwenyewe, basi hadithi ni nyingine: TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

*Asalaam alaykum bibi. Mie niko Maskati kikazi, nyumba nimeijengesha kwetu Wete, Pemba, bila ya kukanyaga. Msimu wa karafuu ulipoingia mafundi wengi waliacha saiti wakenda kuchuma, fundi wangu akabaki mpaka lenta ikafungwa. Kila jioni alinitumia picha. Nataka kumpelekea halwa, udi na kanzu nzuri kwa mkono wa mtu anayesafiri. Vinatosha? — Mpemba, Maskati*

Waalaykum salaam mwanangu. Halwa kwenda Wete? Kwao wanaikoroga wenyewe tangu babu zao. Itapokelewa, watoto wataila, ila usiihesabu kuwa zawadi ya fundi.

Nataka tutazame jambo moja uliloliandika kwa kupita. Huyu mtu aliacha fedha ya karafuu. Msimu ule mchumaji analipwa kwa anachochuma, na kwa kijana mwepesi wa kupanda ni fedha ya haraka. Kabla ya udi, muulize ndugu yako aliye karibu: katika wiki zile fundi alikosa kama kiasi gani? Huna haja ya kumfidia shilingi kwa shilingi, lakini ujue kipimo, usije ukampelekea kanzu ya nusu ya alichokipoteza ukadhani umemtukuza.

Pili, hizo picha. Ulinitumia mbili, nami nimeziangalia kwa miwani. Lenta inaonekana, lakini pembe moja ya kila picha ina ukungu na mstari, mahali pale pale. Hiyo ni kamera iliyopasuka kioo. Mtu amekusimamishia nyumba nzima kwa simu ya namna hiyo. Mpelekee simu yenye kamera nzuri na betri ya kukaa kutwa. Wapemba walioko nje wanaojengesha nyumbani ni wengi, na fundi anayetuma picha safi kila jioni hatakosa kazi. Wewe mwenyewe uwape wenzako wa Maskati namba yake, kwa ruhusa yake.

Kanzu iweke mpaka Iddi. Udi mpe mkewe. Na simu ununue pamoja na kava gumu, maana itaishi mfuko mmoja na futi na misumari.