Laptopu imemwagikiwa: itengenezwe au iachwe?

Watu wengi huipima ajali hii kwa kipimo kimoja: inawaka au haiwaki. Ikiwaka wanashukuru na kuendelea na kazi, isipowaka wanaanza kutafuta hela ya kununua nyingine. Yangu ilimwagikiwa kikombe kizima cha chai ya maziwa, na tangu hapo nimesindikiza ndugu na wenzangu wa kazini kwa mafundi mara nyingi, wakiwa na mashine zilizopata maji, soda au juisi. Ninachoamini sasa ni kwamba kuwaka hakuamui jambo lolote. Nimeona laptopu iliyowaka vizuri siku ileile ikafa wiki kadhaa baadaye na faili zote za mwenyewe, na nimeona iliyokuwa kimya kabisa ikarudi kazini baada ya kusafishwa tu.

Sababu iko ndani ya bodi, yaani ubao mkuu unaobeba chipu na njia za umeme za laptopu. Maji yaliyo safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno. Kinachosafirisha umeme ni chumvi na madini yaliyomo ndani yake, na kinywaji chochote kinayo. Hata ukishazima, betri ingali imeunganishwa, na sehemu fulani za bodi hubaki na umeme muda wote ili kitufe kikibonyezwa mashine iitike. Unyevu ukikutana na umeme huo, madini ya bodi yenyewe huanza kuliwa na kuhama kutoka mguu mmoja wa chipu kwenda mwingine, yakiacha ukoko wa kijani au mweupe. Kazi hiyo inaendelea kimyakimya, wewe ukiwa umeridhika kwamba imekauka.

Kwa hiyo, kama imemwagikiwa sasa hivi, swali la kutengeneza lisubiri kwanza. Kata umeme ukutani, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime yenyewe bila kungoja programu zijifunge. Chomoa kila kilichochomekwa. Ifunue, kisha igeuze ili kibodi itazame chini. Betri ikiwa ya kutoka kwa nje, itoe. Ukiona imevimba, inachemka au inatoa harufu kali, usihangaike nayo. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na umwachie anayejua.

Usiiwashe kujaribu. Naomba sana hapo, maana hamu ya kujua kama imepona ndiyo iliyoua mashine nyingi nilizoziona, kwa kupiga shoti kitu ambacho kingesafishwa kikabaki kizima. Mchele nao hausaidii: haufiki chini ya chipu ambako maji yamejificha, na vumbi lake linaingia kwenye matundu. Mashine ya kukaushia nywele husukuma unyevu ndani zaidi na inaweza kupinda vitufe vya plastiki.

Hela ya kwanza ninayoshauri itolewe, na itolewe mapema, ni ya kufunguliwa na kusafishwa. Hii haijawa matengenezo. Fundi anachomoa betri, anatoa bodi, anaisugua kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 kwenda juu, na kama ana chombo cha kusafishia kwa mitetemo ya sauti anakitumia hicho. Gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kubadilisha kifaa chochote, na baada ya hapo ndipo mnakuwa na kitu cha kutazama kwa macho. Kuamua kabla bodi haijaonekana ni kubahatisha. Ila kama mashine iko ndani ya waranti au ina bima, uliza kwanza kabla haijafunguliwa. Waranti za kawaida hazigusi madhara ya majimaji, lakini bima ya ajali huweza kulipa.

Kilichomwagika kina uzito mkubwa kuliko kiasi chake. Maji ya kunywa au kahawa isiyo na sukari huacha nafasi nzuri ikiwa umeme ulikatwa haraka. Chai ya maziwa yenye sukari hugeuka gundi chini ya vitufe na kuacha mabaki yanayoendelea kuvuta unyevu. Soda za kola zina asidi ya fosforasi na juisi za machungwa zina asidi ya sitriki, kwa hiyo zinaanza kula madini ya bodi mapema. Maji ya chumvi ni mabaya kuliko yote. Laptopu iliyopata maji ya bahari nisingeilipia zaidi ya kuokoa faili zake. Mwambie fundi ukweli wa kilichomwagika. Mashine nyingi zina vibandiko vyeupe ndani vinavyogeuka vyekundu vikiguswa na maji, hivyo ataona tu, na ukificha unampotezea muda wa kutafuta ugonjwa ambao wewe unaujua.

Halafu tazameni kimefika wapi. Kikiishia kwenye kibodi, mara nyingi inafaa kutengeneza, lakini uliza kibodi hiyo imefungwaje. Nyingine hutoka kwa skrubu chache. Nyingine zimepigwa ribiti kwenye gamba la juu, na spea inayouzwa ni gamba zima. Kutumia kibodi ya nje kunasaidia kwa muda, ila kitufe kilichonasa kitaendelea kujiandikia herufi mpaka waya wa kibodi ya ndani uchomolewe, na katika mashine ambazo kitufe cha kuwashia kiko kwenye kibodi hiyohiyo, ukiuchomoa hutaweza kuwasha. Madoa kama mawingu kwenye skrini ni majimaji yaliyopita katikati ya tabaka zake. Hayasafishiki, lakini kama unaona vizuri unaweza kuishi nayo.

Bodi ikiwa imeliwa, swali linakuwa imeliwa wapi. Ukoko kwenye vipande vidogo vilivyo wazi, au kwenye soketi ya waya wa skrini, ambako umeme wa taa ya skrini hupita jirani na njia za picha, fundi mwenye hadubini na mkono mzuri wa kulehemu huweza kuushughulikia. Ulioingia chini ya prosesa, chipu kuu ya kompyuta, au chipu kubwa zenye miguu isiyoonekana ni habari nyingine. Hapo ningesimama.

Faili zako ni swali la peke yake, na mimi huliweka mbele ya yote. Mtu anaweza kuiacha mashine na bado akahitaji picha zake, tasnifu yake au hesabu za biashara. Laptopu nyingi za Windows zina SSD, diski ya kuhifadhia faili, ya kuchomoa: inawekwa kwenye kasha dogo la USB na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda faili, utahitaji ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, utafute mapema. Kwa MacBook mambo ni magumu zaidi. Zenye chipu ya usalama ya T2, zilizoanza kutoka mwaka 2018, na zile za chipu ya M1 zilizofuata mwaka 2020, hifadhi yake iko kwenye bodi na imefungwa kwa siri iliyo ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo njia ya kufikia faili ni kuifufua bodi hiyohiyo. Kama hukuwa na nakala, hiyo peke yake inaweza kuwa sababu ya kutengeneza mashine ambayo vinginevyo ungeiacha. Mwambie fundi wazi kwamba unachotaka ni faili, maana kuifanya bodi iwake kwa saa chache ni kazi tofauti na kuifanya idumu.

Sasa hela. Usilinganishe gharama na bei uliyonunulia. Linganisha na bei ya leo ya mashine iliyotumika, yenye uwezo uleule. Matengenezo yakizidi nusu ya bei hiyo, mimi huacha, kwa sababu bodi iliyowahi kuliwa haina uhakika wa mpya. Tazama pia ilikuwa na maisha gani mbele yake kabla ya ajali. Microsoft ilifikisha ukomo wa msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya mashine, na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu isiyofika hapo, yenye betri iliyochoka na bawaba zilizolegea, haistahili bodi mpya, labda kama unatumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na unaipenda.

Yangu nililipia. Chai ilikuwa imefika kwenye kibodi na ukingo wa bodi, fundi alinionyesha picha kabla na baada ya kusafisha, na akasema wazi kwamba haahidi itadumu muda gani. Kauli hiyo ilinifanya nimwamini kuliko angeniapia. Anayetaja bei ya bodi nzima kabla hajafungua, au anayetaka kuichoma bodi kwa hewa ya moto akisema itajirudi, ondoka na mashine yako. Na iliyotengenezwa isibebe nakala pekee ya kitu chochote.

Ukiamua kuiacha, usiitupe nzima. Toa SSD, ama uifute kabisa ama ubaki nayo kama diski ya nje. Memori, chaja na skrini nzima mafundi wengi huzinunua kama spea. Betri haitupwi na taka za kawaida, kwa sababu ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Ipeleke wanakopokea taka za elektroniki.