Hoteli imefilisika na bado inadaiwa samaki

Ndugu yangu wa Malindi, pole sana. Nimeelewa kwamba uliiuzia samaki kampuni ya hoteli kwa miezi saba bila kulipwa, na sasa imeshindwa kurejesha mkopo wa benki unaosemekana kutolewa kiholela, hata msimamizi, yaani mtu wa kusimamia kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, ameteuliwa.

Tenganisha mambo mawili. Kasoro ya mkopo ni suala la kushughulikiwa na Benki Kuu ya Kenya, kwani sheria hairuhusu mkopaji mmoja apewe zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wa msingi wa benki. Ukiwa na ushahidi, upeleke huko. Deni lako ndilo lenye haraka: mpelekee msimamizi madai yako kwa maandishi kabla ya tarehe aliyoitangaza.

Mimi niliwahi kuiuzia hoteli moja kamba wa baharini, ikaanguka vivyo hivyo. Stakabadhi zangu kadhaa zilikuwa zimelowa maji ya barafu, wino umetapakaa, saini ya mtunza stoo haisomeki, na zote hizo zilikataliwa. Nakuomba uzianike zako na uzipige picha leo hii.

Usiende kuchukua friji zao kufidia deni, wala usifungue kesi bila idhini ya msimamizi au ya mahakama, kwa sababu Sheria ya Ufilisi ya 2015 inazuia. Benki yenye dhamana juu ya mali ya hoteli kwa kawaida hukutangulia kulipwa. Hata hivyo, mwombe wakili achunguze kama dhamana hiyo ilisajiliwa, maana isiposajiliwa inavyotakiwa yaweza kubatilika, nawe ukapata chochote.