Vishikwambi vikizimwa, ari inakwenda wapi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu mwanafunzi, niko wiki ya tano ya mazoezi ya kufundisha. Nafundisha hisabati darasa la wanafunzi 38, wengi wana miaka 12 na 13. Chuoni tulisomeshwa sana habari za teknolojia, nami nilikuja kazini nikiamini kwamba nikiwawekea vishikwambi mezani hakuna atakayesinzia.

Wiki ya kwanza nilijiona nimefaulu. Niliandaa chemshabongo ya kujumlisha sehemu. Kila swali lina sekunde 20, anayejibu upesi anapata pointi nyingi, na majina ya watano bora yanatokea ukutani kwa projekta. Walishangilia mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Mwalimu mlezi wangu alinipongeza mbele ya wenzangu.

Sasa majina yanayotokea ukutani ni yale yale kila siku, na kelele ni za hao hao watano na marafiki zao. Kijana mmoja wa dawati la nyuma nilimwona anabonyeza jibu hata kabla sijamaliza kusoma swali. Nilipomwuliza kwa nini, akanijibu kwa upole kabisa: "Nikikosa haraka, napumzika mapema." Juzi nikatoa jaribio la karatasi. Wanafunzi 21 kati ya 38 waliandika kwamba 1/3 + 1/4 ni 2/7, na swali hilo hilo limepita kwenye chemshabongo mara tatu! Halafu siku umeme ulipokatika nikafundisha kwa chaki, na mmoja akasema, "Kwa hiyo leo hakuna somo."

Mwalimu, je, mimi ndiye niliyewaharibia motisha? Niviache vishikwambi? Na nikiviacha nitafanyaje, maana mkufunzi anakuja kunitathmini baada ya wiki mbili na kwenye fomu kuna kipengele cha matumizi ya TEHAMA?

Mwalimu mtarajiwa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Maneno ya kijana wako nimeyasoma mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua yako. "Nikikosa haraka, napumzika mapema." Huyo si mvivu wala mtovu wa adabu. Amekaa kwenye mchezo ulioutengeneza, akaona kwamba kwa asiyejua, sekunde 20 ni muda mrefu wa kuaibika, akatafuta njia ya kuufupisha. Amekupa taarifa ya kitaaluma ambayo kishikwambi chako hakikuweza kukupa, kwa sababu chenyewe kiliandika tu kwamba amekosa.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo sisi walimu tunayachanganya: hamasa na ari. Hamasa hupandishwa na mwingine, kwa zawadi, kwa kelele, kwa saa inayohesabu kurudi nyuma. Ari ni ya mtu mwenyewe, ile inayomrudisha kwenye hesabu iliyomshinda wakati hakuna anayemtazama. Wiki ya kwanza uliona hamasa ukadhani ni ari. Nami nilikosea hivyo hivyo, tena kwa miaka, kwa hiyo usijilaumu kupita kiasi.

Kuna jaribio la mwaka 1973 ambalo nawasimulia walimu wapya kila ninapopata nafasi. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walikwenda chekechea wakachagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Wengine walichora bila ahadi, wakapewa cheti hicho kwa kushtukiziwa. Wengine hawakupewa chochote. Baada ya wiki moja mbili kalamu zikarudishwa mezani wakati wa kucheza kwa hiari, na waliokuwa wameahidiwa cheti wakachora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Tazama kwamba waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa na kitu. Kilichowaathiri wale wa kwanza kilikuwa mapatano yenyewe: chora ili upate. Watano wako bora nao wako hapo. Wanapenda hesabu au wanapenda kuona majina yao ukutani? Kwa sasa wewe hujui, na huenda wao pia hawajui.

Kuhusu kile kilichopungua kati ya wiki ya kwanza na ya tano, hilo nalo linajulikana zamani. Mwaka 1983 James Kulik na wenzake walikusanya tafiti za kufundisha kwa kompyuta katika sekondari, wakaona manufaa makubwa zaidi kwenye zile zilizochukua wiki 4 au pungufu. Kadiri muda ulivyorefuka, ndivyo manufaa yalivyopungua. Upya wa kifaa huchakaa. Mwaka huo huo Richard Clark aliandika kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta vyakula: lori halibadilishi lishe ya mtu. Waalimu wengi wa teknolojia walimpinga, na mimi pia sikubaliani naye kwa asilimia mia, kwa sababu kuna mambo ambayo chombo huyawezesha na chaki haiwezi. Lakini kabla ya kununua lori jipya ni vizuri kuuliza limepakia nini.

Sasa nikusimulie la kwangu. Nilipoanza kutumia chumba cha kompyuta nilikuwa na wanafunzi 40 na mashine 12. Niliwakalisha watatu watatu au wanne wanne, nikazunguka nikifurahi kuona vichwa vimeinamia vioo. Mwezi wa pili nilikaa pembeni nikaangalia mikono badala ya vichwa. Katika kila kundi kipanya kilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye, kwa kumbukumbu zangu, hakuwa amekigusa tangu muhula uanze. Alikuwa akisogeza kiti chake nyuma kidogo kidogo kuwapisha wenzake, na mimi kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika kwamba kundi lake linafanya vizuri.

Wiki iliyofuata niliweka sharti moja: anayejua hagusi. Anayejua anaeleza kwa mdomo, na asiyejua ndiye anayeshika kipanya. Siku mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, wale wepesi walikunja sura. Kisha wakagundua kwamba kueleza ni kugumu kuliko kubonyeza, wakaanza kutafuta maneno. Na yule msichana akaanza kuuliza, maana sasa mkono wake ulikuwa na kazi na hakuweza kuendelea bila kuelewa. Mashine zilikuwa zile zile 12.

Edward Deci na Richard Ryan, ambao wametumia maisha yao ya kazi kuchunguza motisha, wanasema mtu huwa na ari pale anapohisi kwamba ana sauti katika anachofanya, kwamba anaweza, na kwamba kuna watu wanaomjali. Kwa kijana wako wa nyuma mimi ningeanza na hilo la kuweza. Mtoto hawezi kupenda kwa muda mrefu kitu kinachomwambia kila siku, mbele ya wenzake 37, kwamba hawezi. Na ubao wa washindi humwambia hivyo hata usipotaja jina lake.

Usiviache vishikwambi. Chemshabongo yenyewe ni kitu kizuri; kibaya ni saa na ubao wa washindi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma maandishi kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kuyasoma, ingawa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Kujiuliza na kujijibu hujenga kumbukumbu. Ila sekunde 20 zenye pointi za mwendo haziwapi nafasi ya kukumbuka. Zinawafundisha kubahatisha.

Keshokutwa fanya hivi. Zima saa, zima pointi, ficha majina. Weka swali lako la 1/3 + 1/4, na kila mmoja aandike jibu na sababu yake kwenye daftari kabla ya kubonyeza. Kisha waonyeshe ukutani ni wangapi wamechagua kila jibu, bila kusema lipi ni sahihi. Utaona 2/7 imejaa. Waambie wageukiane, kila mmoja amshawishi mwenzake, halafu wajibu tena. Njia hii Eric Mazur aliianza Harvard mwaka 1991 akifundisha fizikia, na hapo ndipo kifaa kinapostahili nafasi yake: kwa nusu dakika unaona mawazo ya wanafunzi 38, hata ya wale wasionyoosha mkono. Nathaniel Lasry alipolinganisha vifaa vya kubonyezea na kadi za kunyanyua kwa mkono kwenye mbinu hiyo hiyo, hakuona tofauti ya maana katika kujifunza. Kwa hiyo tengeneza kadi za A, B, C na D, uziweke kwenye mkoba. Siku umeme ukikatika tena, somo lipo.

Na hiyo 2/7 usiifute haraka. Ni kosa lenye akili ndani yake: wamejumlisha kiasi na kiasi, yaani namba za juu, na asili na asili, yaani namba za chini, kama walivyozoea kujumlisha namba nyingine zote. Waulize swali moja tu: 2/7 na 1/3, ipi kubwa? Wachore vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa, kimoja wakigawe mara saba na kingine mara tatu. Wataona kwamba 2/7 ni ndogo. Hapo nyamaza. Acha wenyewe washangae kwamba walianza na theluthi moja, wakaongeza robo nzima, na sasa wana kidogo kuliko walichoanza nacho. Mshangao huo ndio mwanzo wa ari ninayoisema. Mimi ningetoa kipindi kizima kwa ajili yake, azimio la kazi lisubiri.

Tena, ukisahihisha madaftari yao wiki hii, jaribu kuandika maelezo bila alama. Ruth Butler alichunguza jambo hili mwaka 1988. Wanafunzi waliopewa maelezo peke yake walifanya vizuri na wakabaki na hamu ya kuendelea. Waliopewa alama peke yake walirudi nyuma. Na waliopewa alama pamoja na maelezo, jambo ambalo karibu sote tunalifanya tukidhani tunawatendea haki, nao hamu yao ilishuka. Jicho hukimbilia namba, sentensi ikabaki bila msomaji. Ukiandika "Umetafuta asili ya pamoja vizuri, angalia tena ulivyobadilisha robo," hakikisha hakuna namba ya kuifunika.

Kuhusu mkufunzi na fomu yake, usiogope. Kipengele cha TEHAMA kinauliza matumizi, hakiulizi kelele. Kwenye andalio la somo, pale unapoandika zana, usiishie kwenye neno "vishikwambi". Andika: vishikwambi, dakika ya 10 hadi 15, ili nione ni wangapi wanajumlisha asili na asili kabla ya kujadiliana, na tena dakika ya 25, ili nione ni wangapi wamebadili mawazo na kwa nini. Dakika nyingine zote vifunikwe. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikijaza fomu kama hizo, na ninakuhakikishia kwamba andalio la namna hiyo humfanya mtu aweke kalamu chini atazame. Mkufunzi akikuuliza kwa nini vifaa vimefunikwa, mwonyeshe madaftari.

Yule aliyesema leo hakuna somo, usimkasirikie. Umemzoesha wiki nne kwamba somo ni kile kinachowaka ukutani. Baada ya siku kadhaa za kadi na karatasi atakuwa amezoea jingine.

Nirudi kwa kijana wa nyuma, maana ndiye aliyenifanya nichague barua yako kati ya nyingi zilizokuja. Kabla ya kubadilisha lolote darasani, kesho wakati wengine wanafanya zoezi, vuta kiti ukae ubavuni kwake, usisimame juu yake. Fungua karatasi yake ya jaribio, na kama naye aliandika 2/7, mwulize alifikaje hapo, kisha umsikilize mpaka amalize bila kumrekebisha. Atasita, kwa sababu hajazoea kuulizwa habari za jibu lisilo sahihi. Mngoje. Hapo hakuna saa inayohesabu. Atakachokueleza, kiandike kama alivyokisema, kwa maneno yake, na unitumie. Ningependa sana kukisoma.