Rabi anakataa tarehe ya harusi: kalenda ya Kiyahudi inavyofanya kazi

Mkuu, umeuliza kwa nini rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, alikataa Jumamosi mchana, kisha akakataa karibu Aprili yote ya 2026, na ukumbi uko wazi. Nitajibu kwa utaratibu wa Wayahudi wa Orthodoksi, wanaoshika sheria za kale kwa ukali. Wayahudi wa Reform, tawi la kisasa, wana masharti mepesi zaidi.

Kuna makatazo yanayotokana na furaha yenyewe. Sikukuu hazifungiwi ndoa, pamoja na siku za katikati ya Pasaka ya Kiyahudi na Sukoti (sikukuu ya vibanda), kwa kanuni kwamba furaha moja haichanganywi na nyingine. (Anayemrudia mtalaka wake anaruhusiwa siku hizo za katikati. Furaha yake haihesabiwi kuwa mpya!) Sabato ina kikwazo cha ziada: ndoa ni mkataba, na siku hiyo hakuna kuandika wala kutia saini.

Mengine ni ya maombolezo, na hapa ndipo ratiba huvurugika. Kati ya Pasaka na Shavuoti (sikukuu ya majuma) huhesabiwa siku 49, ziitwazo Omeri. Mapokeo yanasema wanafunzi 24,000 wa Rabi Akiva, mwalimu mkubwa wa kale, walikufa kipindi hicho. Mwaka 2026 hesabu inaanza usiku wa kuamkia Aprili 3. Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) wengi huzuia harusi hadi siku ya 33, yaani Mei 5. Wasefaradi (wenye asili ya Hispania na Ureno) hungoja asubuhi ya siku ya 34. Wapo pia wanaoanza kuzuia mwanzo wa mwezi wa Iyari na kumaliza Sivani 3, wakiiachia siku ya 33 peke yake. Kwa hiyo Jumapili ya Mei 10 rabi mmoja ataikubali na mwenzake ataikataa, na wote wako sahihi. Usimtafute rabi mwingine akupe jibu unalolitaka. Fuata desturi ya atakayefungisha.

Halafu kuna majuma matatu ya maombolezo, kutoka mwezi wa Tamuzi 17 hadi mwezi wa Av 9: Julai 2 hadi 23. Waashkenazi huzuia harusi kipindi chote, Wasefaradi wengi huanza kuzuia Av 1. Av 15, Julai 29, ni siku ya furaha na maharusi wengi huigombania.

Jumanne, siku ya tatu ukihesabu kuanzia Jumapili, inapendwa kwa sababu katika Mwanzo 1 siku ya tatu imeandikwa "ni vyema" mara mbili. Jumamosi usiku, Sabato ikishaisha, inafaa Nairobi, maana jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. London mwezi Juni Sabato inaisha baada ya saa nne usiku, na wapishi hawaruhusiwi kuanza maandalizi kabla ya hapo.

Angalia sana tarehe ya ketuba, hati ya haki za mke. Siku huanza jua likizama, kama sisi tunavyosema Alhamisi jioni ni usiku wa Ijumaa. Hati yenye tarehe ya mchana ikisainiwa baada ya magharibi imerudishwa nyuma na inaweza kubatilika, maana deni la mume hushika mali yake tangu tarehe iliyoandikwa, na aliyenunua mali hiyo katikati angedhulumika.

Kabla ya kulipa advansi ya ukumbi, bibi harusi apige hesabu ya hedhi: zinahitajika siku saba safi, kisha kuzama katika mikve, bwawa la kujitakasa, kabla ya harusi. Mjane au mtalaka ana kitu kama eda: siku 90, bila kuhesabu siku ya kifo au talaka wala siku ya harusi.