Tears of the Kingdom: Usiicheze Kama Ile ya Kwanza

Wengi waliomaliza gemu ya Zelda, Breath of the Wild ya mwaka 2017, huingia mwendelezo wake, Tears of the Kingdom, na tabia ileile ya kulimbikiza silaha. Upanga mzuri unawekwa kibindoni kumsubiri adui mkubwa, hadi gemu inaisha haujawahi kuchomolewa. Zamani ilieleweka, maana silaha zilivunjika ovyo na huna la kufanya ila kuokota nyingine. Gemu hii ya 2023 nayo inavunja silaha vilevile, lakini mimi nimeacha kulalamika.

Kilichobadilika ni uwezo uitwao Fuse: silaha yoyote unaiunganisha na karibu kitu chochote. Fimbo ukiipachika jiwe, tayari una nyundo ya kuvunjia miamba. Pembe za maadui, ambazo kwenye gemu ya kwanza ziliishia kuchemshiwa dawa au kuuzwa, sasa ndizo makali yenyewe. Kwa hiyo weka akiba ya pembe, si ya panga. Upanga uuchukulie kama mpini tu. Mishale nayo ni hivyohivyo. Pachika jicho la Keese, wale popo wasumbufu, na mshale unamfuata adui wenyewe hata akiwa angani. Uyoga wa moshi ukiupachika kwenye ngao, adui akiipiga tu anabaki anapapasa.

Halafu kuna mvua. Kwenye gemu ya kwanza ikinyesha huku unapanda mlima, unateleza, unakaa kusubiri. Sasa tafuta pango au mwamba uliojitokeza, tumia uwezo mwingine uitwao Ascend, unapenya dari na kuibukia juu. Watengenezaji walisema ilitokana na njia yao wenyewe ya mkato ya kutoka mapangoni wakati wa majaribio. Bahati yetu hawakuifuta.

Ujenzi wa magari na ndege unasifiwa sana. Ni mzuri, ila usijichoshe: feni mbili na usukani vinakufikisha karibu kila mahali.

Chini ya ardhi ndiko wageni wanakokata tamaa. Ni giza tupu, na ule utando mwekundu unakula mioyo yako, yaani uhai wako, na chakula cha kawaida hakiirudishi. Siri ni hii: kila mzizi wa mwanga, ule unaoangaza giza huko chini, umekaa sawasawa chini ya hekalu dogo lililo juu ya ardhi. Ipo 120, na mahekalu ya juu ya ardhi ni 120. Ukikwama huku, fungua ramani ya kule.

Watengenezaji walipochemka ni kwenye wasaidizi wanaopigana pamoja nawe. Kutumia uwezo wa mmojawao lazima umsogelee ubonyeze kitufe, naye katikati ya vita anakimbia huku na huko kama kuku.

Na hadithi: machozi ya joka, yaani kumbukumbu zilizotawanyika kwenye ramani, unaweza kuyaona bila mpangilio, ukajiharibia siri kubwa mapema. Mfuate Impa, mmoja wa wahusika wa gemu, hadi kwenye hekalu lililosahaulika. Michoro ya ukutani humo imepangwa kwa mfuatano wa machozi hayo. Ifuate hiyo.