Waini ya kuweka na waini ya kunywa sasa hivi, kwa sisi tunaokaa Dar

Ukiingia sebule nyingi hapa mjini, iwe Tabata, Sinza au Mbezi, utakuta kabati la vioo na ndani yake chupa ya waini waliyopewa wenye nyumba siku ya sendofu au harusi, imesimama pale miaka na miaka inapigwa na mwanga wa dirishani, ukiuliza unaambiwa tunaiacha ikae, waini kadiri inavyokaa ndo inazidi kuwa nzuri. Jamani, ifungueni hiyo chupa mwezi huu huu.

Waini nyingi sana zinazouzwa kwenye supamaketi zetu zimetengenezwa zinywewe mapema, ndani ya mwaka mmoja mpaka mitatu hivi toka zifungwe kwenye chupa. Rozé (ile ya pinki), Sauvignon Blanc (nyeupe kavu), zile tamu tamu zenye gesi kidogo, zote hizo utamu wake uko kwenye harufu ya matunda na hiyo harufu ndo ya kwanza kuondoka. Za boksi ndo kabisa, ule mfuko wa ndani unapitisha hewa kidogo kidogo kwahiyo hata mwaka usizipe. Na za kwetu Dodoma pia mi nashauri uzinywe zikiwa changa, kule zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mpya haikosekani, sasa unaificha ya nini?

Inayofaa kukaa ni ile yenye kitu cha kuilinda. Kwa waini nyekundu kitu hicho ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, ndo ule ukakasi unaokaza ulimi kama umetafuna bibo. Ikiwa changa inakera, ila miaka ikienda zile tanini zinaungana zenyewe kwa zenyewe na zinaungana na rangi, zinakuwa nzito mpaka nyingine zinazama chini kama mashapo, kinywaji kinalainika na harufu inabadilika, matunda mabichi yanapungua unaanza kupata ngozi, tumbaku, uyoga, tende. Rangi nayo inatoka kwenye zambarau inaelekea kwenye rangi ya tofali. Uchachu nao unalinda, sukari inalinda, na pombe kali iliyoongezwa inalinda. Lakini vyote hivyo visipokuwa na ladha nzito ya kutosha toka mwanzo havisaidii, waini nyepesi ukiiweka miaka 10 unapata waini nyepesi iliyozeeka.

Kwahiyo za kuweka ni kama Barolo ya Italia, Bordeaux nzuri za Ufaransa, Cabernet Sauvignon za Stellenbosch zilizotengenezwa kwa makini, hizi za Afrika Kusini hapa Dar unazipata bila shida. Nyeupe zipo pia, Riesling ya Ujerumani inakaa miaka mingi sana na ikizeeka inatoa harufu inayokaribia mafuta ya taa, usishtuke, wanaoipenda wanaitafuta kwa ajili hiyo. Sauternes, nyeupe tamu ya Ufaransa, kwa sababu ya sukari na uchachu wake inaweza kupita hata miaka 30.

Sasa tuje kwenye tatizo letu, joto. Sehemu ya kuzeeshea waini inatakiwa iwe na nyuzi kama 12 mpaka 14, giza, na joto lisipande na kushuka. Dar mchana unacheza na 30 na kitu, usiku nako fukuto. Kwa hesabu ya haraka haraka ya kikemia kila nyuzi 10 zinazoongezeka mambo yanaenda karibu mara mbili, na hayaendi kwa ile njia nzuri, waini inapikika. Mimi na rafiki yangu tuliwahi kununua Cabernet ya aina moja mwaka mmoja, yeye akaweka kabatini kwake mi nikaweka kwenye kifriji cha waini, tulipokuja kuzifungua pamoja ya kwake kizibo kilikuwa kimesukumwa juu na kuna utomvu unanata shingoni, ladha imekuwa zabibu kavu zilizochemshwa, ya kwangu ilikuwa laini na bado ina uhai. Toka siku hiyo sitaki kusikia habari za kabati.

Kama huna kifriji cha waini weka miezi michache tu, chini ya kitanda kwenye sakafu ya chumba kisichopigwa na jua la jioni, chupa ya kizibo ilale ili kizibo kisikauke, ya kifuniko cha kusokota hata ikisimama sawa. Friji ya jikoni inafaa kwa muda mfupi, ukizidisha inakausha kizibo.

Njia ninayoipenda zaidi ni kununua iliyokwisha kuzeeshwa na wenyewe kule kwenye ubaridi. Rioja ya Hispania iliyoandikwa Gran Reserva kisheria imekaa angalau miaka 5 kabla ya kuuzwa, Barolo zaidi ya miaka 3, wewe unafungua unakunywa. Na kama unataka chupa ya mtoto aliyezaliwa mwaka huu aje kuifungua akiwa mtu mzima, tafuta Madeira, waini ya kisiwa cha Ureno iliyoongezwa pombe kali. Zamani mapipa yake yalipita kwenye meli nchi za joto na watu wakaona imekuwa tamu zaidi, mpaka leo kuna Madeira wanazozipasha kwa makusudi nyuzi 45 hivi kwa miezi isiyopungua 3, kwahiyo joto la Dar haliitishi sana, na hata ukishaifungua inakaa miezi.

Ukiacha Madeira, chupa ya zamani ukitaka kuifungua isimamishe toka jana yake mashapo yatulie, mimina taratibu mkono usitikisike, ukiona matope yanakaribia shingoni acha hapo, alafu inyweni jioni hiyo hiyo, ikishakutana na hewa haisubiri kesho.